Swali la Mtihani na Watu Wawili Wenye Elimu Sawa

Nawaombeni mniwie radhi nikianza mazungumzo ya usiku huu kwa kuungama kosa langu mwenyewe, maana mambo nitakayoyaeleza, ijapokuwa mabingwa wa hesabu wameyaandikia vitabu vizito, mimi niliyajua kwanza kwa aibu, siyo kwa kusoma. Zamani, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bara, mbali na bahari mwendo wa siku mbili, nilitunga mtihani wa Kiswahili wa maswali arobaini, na katika maswali hayo nikatia moja lililouliza chombo cha kukunia nazi kinaitwaje. Mimi ni mtoto wa Pwani. Nimekulia katika nyumba ambamo sauti ya nazi ikikunwa jioni ilikuwa ndiyo habari ya kwamba chakula hakiko mbali, wala haikunipitikia hata kidogo kwamba swali lile lingemtatiza kiumbe yeyote mwenye Kiswahili chake.

Nilipokusanya karatasi nikakuta ajabu. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani, kijana ambaye insha zake nilikuwa nikizisoma kwa sauti mbele ya wenziwe ili wapate kuiga, aliiacha nafasi ya swali lile tupu. Na mwingine, mtoto wa mchuuzi wa papa mkavu aliyehamia kule pamoja na baba yake, ambaye insha zake nilikuwa nikizijaza wino mwekundu juu na chini, alijibu kwa neno moja: mbuzi. Siku ya kurudisha karatasi nilipowatajia jibu, darasa zima liliangua kicheko, wakidhani mwalimu leo kaamua kufanya mzaha. Na mmoja wao akainua mkono akauliza, kwa adabu zote, mbuzi huyo hukuna nazi kwa pembe au kwa kwato.

Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Swali langu lilidai kupima Kiswahili, na Kiswahili kwa kweli lilikipima; lakini pamoja na Kiswahili lilipima kitu cha pili ambacho sikukitangaza wala sikukijua kuwa nakipima, nacho ni mahali alipolala mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitano. Wataalamu wa mitihani wana jina refu kwa swali la namna hiyo. Mimi nitaliita swali lenye miendo miwili, yaani swali ambalo watu wawili wenye ujuzi uliolingana katika jambo linalopimwa hawana bahati iliyolingana ya kulijibu, kwa sababu tu huyu ni wa kundi hili na yule ni wa kundi lile.

Nimesema wenye ujuzi uliolingana, nami naomba maneno hayo yashikwe vema, kwa kuwa ndiyo roho ya maneno yangu yote, na watu wengi, wakiwemo mawakili na wanasiasa, huyaruka. Ukimpimia mkulima mmoja mtama wake ukapata pishi kumi, na jirani yake ukapata pishi sita, huna haki ya kuilaani pishi. Yamkini jirani alivuna haba. Bali ukiwa na mtama uliokwisha thibitika kuwa ni sawa kwa sawa, kisha pishi ile ile ikatoa kumi kwa huyu na sita kwa yule, hapo pishi ina jambo lake, na mwenye pishi hana budi kujieleza. Hali kadhalika mitihani. Watoto wa shule iliyokaa mwaka mzima bila ya mwalimu wa hesabu wakishindwa swali la sehemu, swali halikuwadhulumu; limetoa ushahidi wa dhuluma iliyotendwa mahali pengine, na kulifuta ni kumfukuza shahidi barazani ili kesi ipate kwisha upesi.

Mtadhani kwamba tofauti hii ni nyepesi, na kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kuipotea. Basi sikilizeni yaliyotokea Marekani, katika jimbo la Illinois. Mwaka 1976 kampuni moja ya bima, jina lake Golden Rule, ilifungua mashtaka juu ya mtihani waliotahiniwa watu waliotaka leseni ya uwakala wa bima, ikidai kwamba mtihani ule uliwafungia mlango watu weusi. Mtihani ulitungwa na shirika la Educational Testing Service, ambalo ni mashuhuri kuliko yote nchini humo kwa kazi hiyo. Kesi ilijikokota miaka, hata mwaka 1984 pande zote zikaafikiana nje ya hukumu. Na katika mapatano yao wakaweka kanuni kwamba, maswali ya somo moja yakiwa mengi, yatangulizwe kuchaguliwa yale ambayo hesabu ya weusi waliopata na hesabu ya weupe waliopata hazipishani kwa zaidi ya 15 katika kila 100.

Kanuni ile ilikuwa na nia njema, na kwa masikio ya mtu wa kawaida inapendeza. Walakini kasoro yake ni ile ile ya kuilaani pishi kabla ya kuutazama mtama. Haikuuliza kama weusi na weupe wale walikuwa wamepata mafunzo sawa ya bima. Iliuliza tu nani kapata na nani kakosa. Na kwa kuwa swali zuri, lile linalomtenga hasa ajuaye na asiyejua, ndilo aghalabu linaloonyesha pengo kubwa baina ya makundi yaliyofundishwa kwa viwango mbalimbali, kanuni ile ingeliweza kuyatupa maswali bora na kuyabakiza yale yasiyopima kitu, kisha watu wakapongezana kwamba haki imetendeka, na hali yule kijana mweusi aliyenyimwa mafunzo angali amenyimwa vile vile. Mwaka 1987 rais wa shirika lile, Gregory Anrig, alikiri hadharani kwamba kuikubali kanuni ile kulikuwa ni kosa.

Njia iliyokuja kutumiwa badala yake ilitoka mahali ambapo hakuna mtu angelipatazamia, nako ni katika uchunguzi wa maradhi ya saratani. Mwaka 1959 wanahesabu wawili wa Kimarekani, Nathan Mantel na William Haenszel, waliokuwa wakitafuta sababu za maradhi, waliandika namna ya kulinganisha wagonjwa na wazima bila ya kudanganyika. Shida yao ilikuwa hivi: ukiwakuta wavutaji wa sigara wanaugua zaidi, utajuaje kwamba ni sigara, wala siyo kwamba wavutaji wale ni wazee zaidi? Jawabu lao lilikuwa ni kuwapanga watu safu safu kwa umri, mzee akalinganishwa na mzee na kijana na kijana, kisha hesabu za safu zote zikakusanywa kuwa moja. Katika miaka ya 1980 Paul Holland na Dorothy Thayer, watu wa shirika lile lile la mitihani, waliona kwamba swali la mtihani laweza kuchunguzwa kama ugonjwa, na mahali pa umri ikawekwa jumla ya alama.

Msikilizaji aliye na penseli karibu na anifuate katika mfano huu, ambao ni wa kukadiria tu. Tuchukue watoto mia waliopata alama 24 katika mtihani wangu wa maswali arobaini, hamsini wa Pwani na hamsini wa Bara; kwa kuwa alama zao ni moja, tuseme Kiswahili chao ni kimoja. Sasa tutazame swali la nazi peke yake. Wa Pwani waliolipata ni 40, na waliolikosa ni 10. Basi kwa kila mmoja aliyekosa wamepata wanne. Wa Bara waliolipata ni 20, waliolikosa ni 30. Kwa kila watatu waliokosa wamepata wawili. Gawanya nne kwa sehemu mbili za tatu, utapata sita. Fanya vivyo hivyo kwa waliopata 23, na kwa waliopata 25, na kwa ngazi zote, kisha changanya kwa kuipa kila ngazi uzito wake. Swali lisilo na dosari hutoa hesabu iliyo karibu na moja, hata kama kwa jumla kundi moja limeshinda jingine vibaya sana. Swali langu la nazi limetoa sita, na mtu mwenye insafu hawezi kulitetea kwa hesabu.

Hesabu, hata hivyo, ni mlinzi wa usiku tu: hupiga kelele kwamba kuna mtu uani, lakini hasemi ni nani wala kafuata nini. Sababu hutafutwa na binadamu mwenye kuyajua maisha ya watahiniwa, na sababu zenyewe ni za namna nyingi, nyingine dhahiri, nyingine za kustaajabisha.

Iliyo dhahiri kuliko zote ni vitu vyenyewe vinavyotajwa. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, Robert Yerkes na wenzake walitunga mitihani ya akili kwa ajili ya askari, na watu zaidi ya milioni moja na nusu wakatahiniwa, wakiwemo maelfu ya wahamiaji waliotoka Italia, Urusi na Poland juzi na jana. Kati ya maswali waliyoulizwa ili akili zao zijulikane ni kwamba Crisco ni kitu gani, nayo ni mafuta ya kupikia yaliyouzwa katika maduka ya Marekani, na kwamba Christy Mathewson ni mashuhuri kwa kazi gani, naye alikuwa mchezaji wa besiboli. Matokeo yalionyesha kwamba kadiri mhamiaji alivyokaa Marekani miaka mingi ndivyo alama zake zilivyopanda, jambo ambalo lingelimwambia mtoto mdogo kwamba mtihani ulipima ukazi, siyo akili. Lakini Carl Brigham wa Princeton, katika kitabu chake cha mwaka 1923, alilifasiri kinyume: kwamba wahamiaji wa zamani walikuwa wa damu bora kuliko hawa wapya. Nampa heshima yake kwa hili tu, kwamba mwaka 1930 aliandika kwa mkono wake mwenyewe kuwa milinganisho ya mataifa ya namna hiyo, na utafiti wake yeye mwenyewe ukiwa mbele, haikuwa na msingi. Watu wenye cheo ambao huandika hivyo ni adimu.

Brigham huyo huyo ndiye aliyeongoza utungaji wa mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani uitwao SAT, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, na katika mtihani huo, miaka mingi baadaye, likatokea swali ambalo hutajwa mpaka leo kila panapozungumzwa jambo hili. Lilimtaka mtahiniwa atafute jozi ya maneno inayofanana na jozi ya mkimbiaji na mbio za masafa marefu, na jibu lake lilikuwa mpiga makasia na mashindano ya mashua, lakini mashindano hayo yakatajwa kwa neno la Kiingereza ambalo hujulikana hasa na watu wa vilabu vya mashua na shule za matajiri. Akili ya kulinganisha kijana wa mitaa ya maskini alikuwa nayo. Neno hakuwa nalo. Mimi hucheka nikifikiri kwamba mtoto wa Lamu, ambaye hana klabu wala utajiri lakini ameona mashindano ya majahazi tangu akibebwa mgongoni, angelielezwa swali lile kwa lugha yake, angeliwashinda watoto wa mabwana wale. Maswali ya jozi kama hayo yaliondolewa katika mtihani ule mwaka 2005.

Sababu ya pili ni tafsiri, na hapa pana hila ambayo mtunzi huitenda bila ya kukusudia. Ronald Hambleton, bingwa wa mambo haya, ametoa mfano wa swali lililoulizwa kwa Kiingereza na kwa Kiswidi: ndege mwenye vidole vilivyoungana kwa ngozi, kama vya bata, yamkini huishi wapi, milimani, msituni, baharini au jangwani? Katika Kiswidi vidole hivyo huitwa kwa neno lenye maana ya miguu ya kuogelea. Basi mtoto wa Uswidi aliulizwa ndege mwenye miguu ya kuogelea huishi wapi! Mfasiri hakukosea hata neno. Alitumia neno halisi la lugha yake, na neno hilo likambebea mtoto jibu hadi mdomoni.

Nasi tulio na Kiswahili tunayo mifano yetu, tena mizuri zaidi, nami sijui kwa nini hatuitaji. Chukua saa. Muulize mtoto kwa Kiingereza ni saa ngapi zipitazo tangu saa yao ya saba ya asubuhi hadi saa yao ya kwanza baada ya adhuhuri. Atatoka saba aende kumi na mbili, apate tano, kisha avuke aongeze moja, ndipo aseme sita. Sasa fasiri swali hilo kwa Kiswahili kilicho sahihi kabisa: tangu saa moja ya asubuhi hata saa saba ya mchana. Mtoto atatoa moja katika saba, naye amekwisha. Ligeuze tena: tangu saa kumi jioni hata saa mbili usiku ni kuvuka na kuanza upya kwa Mswahili, na kwa Mwingereza ni kutoa nne katika nane. Maswali ni yale yale, jua ni lile lile, wala hakuna neno lililofasiriwa vibaya. Lakini uzito wa swali umehama kutoka bega la huyu kwenda bega la yule, kwa kuwa sisi huanza kuhesabu saa jua linapotoka na kuanza tena linapotua, na wao huanza katikati ya usiku na katikati ya mchana. Na mtoto wetu anayefundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaingia sekondari akaulizwa kwa Kiingereza, hubeba saa zote mbili kichwani kwa pamoja, na kila swali la saa humtoza ushuru ambao mwenziwe aliyekulia katika Kiingereza haulipi.

Tusidhani kwamba kila mara mgeni ndiye anayepunjika. Katika Marekani iligunduliwa na Alicia Schmitt kwamba wanafunzi wenye asili ya Kihispania, wakilinganishwa na weupe wenye alama sawa nao, waliyaweza zaidi maswali ya msamiati yaliyotumia maneno yenye asili ya Kilatini, kwa sababu maneno hayo yana ndugu zao katika Kihispania. Hilo halitamshangaza mtu yeyote aliyewahi kumfundisha Kiswahili mtoto aliyelelewa Maskati kwa Kiarabu: mpe taadhima, tafsiri, maakuli, atakufasiria kabla hujamaliza kutamka, mwulize chepechepe au kuchakaa, atakutazama tu. Ukitunga mtihani wa maneno ya namna ya kwanza, utamsifu kwa Kiswahili asichokuwa nacho; ukitunga kwa ya namna ya pili, utamnyima alicho nacho.

Sababu ya tatu ni ile ya mikono na vifaa. Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia, alitangaza mwaka 1979 uchunguzi wa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester. Aliwapa vielelezo wavifuatishe: mara kwa kuchora kwa penseli, mara kwa kukunja waya, mara kwa kufinyanga udongo. Katika kuchora, watoto wa Manchester walishinda. Katika waya, watoto wa Lusaka walishinda. Katika udongo, walilingana. Kila mtu aliyepita katika vijiji na mitaa ya nchi zetu amekwisha kuona magari ya waya, yenye usukani mrefu na magurudumu yanayogeuka kweli, yakisukumwa na watoto ambao hawajamiliki penseli ya rangi. Mtahini ambaye angeliwapa penseli peke yake angeliondoka akiandika kwamba watoto wa Kizambia hawaoni maumbo vizuri.

Na iko sababu iliyofichamana zaidi, nayo ni kile ambacho mtahiniwa anadhani kwamba anaulizwa. Huko Liberia, Joseph Glick na wenzake waliwapa watu wa kabila la Kpelle vitu ishirini, vyakula, zana, vyombo na nguo, wakawaambia wavipange vile vinavyokwenda pamoja. Watahini wale walitazamia mafungu manne. Watu wakaviweka viwili viwili, kisu na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa, na kila walipoulizwa walijibu kwamba ndivyo atendavyo mtu mwenye busara. Mwisho mtahini akauliza, kwa kukata tamaa nadhani, je, mpumbavu angevipangaje? Mara vikapangwa mafungu manne safi: vyakula huku, zana huku, vyombo huku, nguo huku. Akili ya kupanga ilikuwapo tangu mwanzo. Ilikuwa imewekwa kando kwa heshima, kwa ajili ya wapumbavu.

Sasa mtaniuliza: kila swali lenye miendo miwili lifutwe? Hasha. Kutofautiana siyo dhuluma mpaka tujue mtihani umekusudia nini. Swali la mbuzi ya nazi, likiwekwa katika mtihani wa wapishi wanaotaka kazi katika hoteli za Pwani, ni swali halali, na mpishi wa bara asiyelijua na aende akajifunze. Swali la bamvua na maji mafu, yaani nyakati za maji makubwa na maji madogo ya bahari, likiulizwa manahodha, halina lawama hata kama watoto wa wavuvi watalipata wote na watoto wa wafugaji watalikosa wote, kwa maana nahodha asiyejua bamvua atazamisha watu. Lakini likitiwa bamvua hilo hilo ndani ya swali la kujumlisha na kutoa, mtoto wa Dodoma anayejua kujumlisha kama maji amewekewa gogo njiani. Swali ni lile lile. Kilichobadilika ni nia, na nia haimo katika hesabu za Mantel wala za Haenszel, imo katika kichwa cha mwenye kutahini, naye ndiye wa kuulizwa.

Yako mambo mawili katika njia hii ya kuyachunguza maswali yasiyonipendeza, nami sitayaficha. La kwanza ni kwamba mabingwa waliokalishwa kuyasoma maswali na kuagua yapi yatakwenda miendo miwili, mara nyingi wamekosea: waliyoyashuku yakatoka safi, na waliyoyasafisha yakatoka na dosari, na hata baada ya kuonyeshwa dosari hawakuona sababu. Mimi mwenyewe nilikuwa na hakika na swali langu la nazi.

La pili ni zito zaidi. Njia hii huwalinganisha watu kwa jumla ya alama, na jumla hiyo imetokana na maswali yale yale yanayoshukiwa. Likiwa swali moja limepinda kati ya arobaini, litaonekana, na waangalifu huliondoa kisha huhesabu upya. Yakiwa yamepinda yote arobaini upande mmoja, hakuna litakaloonekana, kama vile katika soko ambalo pishi zote zimepunguzwa kwa kadiri moja kila pishi huthibitishwa na mwenziwe. Tena swali ambalo halikuulizwa kabisa halina namna ya kuhesabiwa. Karibu na Ziwa Victoria, katika kijiji cha Usenge nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2001, waliwatahini watoto wa Kijaluo juu ya dawa za miti: mti gani hutibu nini, na hutumiwa vipi. Waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata kidogo zaidi katika mtihani wa msamiati wa shuleni. Hao hawakushindwa swali lolote lenye dosari. Ujuzi wao haukupata swali.

Swali langu la mbuzi nililifuta, nikahesabu upya alama juu ya maswali thelathini na tisa, na kijana aliyekuwa wa kwanza akabaki wa kwanza, na mtoto wa mchuuzi wa papa akashuka nafasi tatu, akanikasirikia, na sikuwa na la kumjibu. Nami namwomba kila mwalimu anisikiaye usiku huu, ambaye karatasi ya mtihani iko mezani kwake ikingoja kupelekwa kupigwa chapa, aisubirishe hata kesho, ampe aisome mtu mmoja aliyekulia mbali na alipokulia yeye, na amsikilize akicheka.